Dawa ya Viatu ya Baba

Juzi, stendi ya Igawa, nilimwona mwanajeshi akimtuma bintiye karanga. Mtoto alipogeuka tu, yule baba akapanda basi, akaondoka. Mama mtu akabaki anafuta macho kwa khanga. Nikamkumbuka baba yangu.

Mchana ule wa utotoni mwangu, Rujewa nzima ilinuka pumba za mpunga. Baba, askari tangu kabla sijazaliwa, alikuwa amenisuka nywele mwenyewe kwa ile mikono yake mizito. Alipomaliza akaniambia, "Mama, kimbia dukani ukaniletee dawa ya viatu."

Nilikimbia. Sikujiuliza dawa ya nini, wakati buti zake zilikuwa tayari zinang'aa.

Niliporudi, uani palibaki harufu ya dizeli ya lori la jeshi.

"Baba amesahau dawa yake," nikamwambia mama.

"Itunze. Akirudi utampa."

Nikaitunza chini ya mto wangu, nikiamini atairudia. Leo najua hakuweza kuniaga nikilia.

Walimrudisha ndani ya jeneza lililofunikwa bendera. Nikapenya katikati ya askari, nikaliweka kopo la dawa yake ya viatu juu ya bendera. Hakuna aliyeliondoa.