Mkwezi Juu ya Farasi

Kwa miaka ishirini Mwero aliangua nazi katika shamba moja, njia ya kwenda Msambweni, na kwa miaka ishirini mwili wake ulifuata amri moja tu: ukiogopa, bana miguu. Upepo ukivuma, bana. Nyuki wakichomoka makutini, bana. Alilegeza siku moja pekee, katika masika ya mwaka 1963, shina likiwa na utelezi wa mvua, na siku hiyo akaja chini pamoja na nazi zake. Alipona, lakini mkono wa kushoto uliunga vibaya, na mkwezi wa mkono mmoja hana kazi.

Novemba, wakati watu hawakuwa na mazungumzo ila Uhuru, Mzungu aliyekuwa akizunguka mipaka ya shamba kwa farasi alifunga masanduku yake akarudi kwao. Hakumuaga hata mpishi wake. Meneja, Mzungu mwenzake mchache wa maneno, akamwita Mwero. Kazi ya mipaka ingekuwa yake, na nyumba ya shamba aliyoishi na mkewe Mwanarusi na watoto wanne ingebaki yake, kwa sharti moja. Jumamosi ya pili amlete farasi kwa mchakamchaka kutoka lango la barabarani hadi ghala la mbata.

"Ukianguka," meneja alisema, "nyumba ataingia mkwezi mpya."

Kumtembeza farasi polepole hakukumshinda. Ni huo mchakamchaka, mwendo ulio kati ya kutembea na kukimbia, uliomwonyesha cha mtema kuni. Mwalimu wake alikuwa Abdurahman, mzee mwembamba wa Mombasa aliyetunza farasi tangu ujana wake.

"Inuka, keti! Inuka, keti!" mzee alipiga kelele kwa kufuata mdundo wa kwato, akitoka jasho kuliko mwanafunzi.

Mwero aliinuka wakati wa kuketi, akaketi wakati wa kuinuka, na tandiko likampokea kwa makofi. Akaogopa, akabana miguu. Sasa farasi huyo, jina lake Jemadari, alifundishwa kwamba akibanwa mbavu aongeze mwendo. Akaongeza. Mwero akazidi kuogopa, akazidi kubana. Mara tatu aliokotwa mchangani, na wakwezi wenzake, watu wasio na haya, wakamcheka kutoka juu ya minazi.

"Mwero! Mnazi wako una mkia!"

"Legeza miguu, bwana!" alisema Abdurahman.

"Nimelegeza, mzee wangu."

"Wallahi hujalegeza!"

Na Mwero hakuwa akisema uongo. Aliamini kabisa kwamba amelegeza.

Alhamisi Mwanarusi alimletea chakula, akasimama uani akimtazama mumewe akizungushwa. Mwero aliposhuka kula, mkewe alimwambia taratibu, "Baba Chiku, farasi humpandi. Unamkwea."

"Maneno gani hayo?"

"Nimetazama vidole vyako vya miguu. Vimejikunja vile vile kama uko juu ya mnazi."

Mwero alisukuma sahani. "Unataka nilegeze? Nililegeza mara moja, mama Chiku. Wewe ndiye uliyenikuta chini."

Mwanarusi alikusanya vyombo akaenda zake, na Mwero akajichukia kwa kumpandishia sauti.

Jumamosi asubuhi, alipokuwa akitoka, aliona sufuria zao zimefungwa ndani ya kanga nyuma ya mlango. Mkewe alikuwa amekwisha kuanza kuhama. Akaufunga mlango taratibu, akaenda langoni.

Meneja alisimama mbele ya ghala, saa mkononi. Wafanyakazi walijipanga njiani. Mwero alipokwisha kupanda, Abdurahman akampa hatamu, akasoma dua chini kwa chini, akaondoka mbele ya farasi.

Inuka, keti. Inuka, keti. Alipita jiko la wapishi. Alipita kisima. Kwa mara ya kwanza alimwona Jemadari akienda naye, na karibu atabasamu.

Ndipo kole, shada zima la nazi, lilipoporomoka kando ya njia. Jemadari aliruka upande, na miguu ya Mwero ikajibana bila kumwuliza mwenyewe. Farasi akakaza mbio. Ghala likaja, na ukuta wake wa mawe, na watu wakikimbia huku na huku. Mwero alijua vizuri kinachofuata. Alijua pia la kufanya, na mwili wote ulilikataa.

Alianza na vidole. Akavikunjua, kimoja kimoja, ilhali machozi yanamtoka kwa hofu. Kisha nyayo. Kisha, akimtaja Mungu, akaachia magoti. Akangoja ardhi.

Ardhi haikuja. Jemadari alipumua kwa nguvu, akapunguza, akarudi katika mchakamchaka wake. Inuka, keti. Mbele ya ghala akasimama.

Meneja aliitazama saa. "Jumatatu, kazini saa kumi na mbili," akasema, akaingia ndani.

Mwero alishuka, akajishikiza kwenye tandiko kwa mkono wake mzima. Mwanarusi alipenya katikati ya watu akamshika kiunoni.

"Nimelegeza, mama Chiku," alimwambia, akilia mbele ya wakwezi wote. "Nimelegeza, na hukunikuta chini."