Ua la Kopo la Nyuzi

Nyumbani kwetu Kosele, kochi halikukaliwa likiwa tupu. Mgongoni kitambaa, mikononi kitambaa, juu ya redio kitambaa, na paka angetulia kidogo naye angefunikwa. Jumamosi tulivifua, tukavitia wanga wa muhogo, vikakauka vikawa vigumu hivi kwamba shangazi yangu akija alilalamika vinamchoma shingo. Karibu vyote vilikuwa na ua lile lile: petali tatu, ya kati imesimama wima, za pembeni zimepinda nje, na mkanda umezifunga kiunoni.

Mama alilipata kwenye kifuniko cha kopo la biskuti. Kopo lilikuwa la mzee mmoja Mwislamu mwenye duka Rodi Kopany, ambaye alilitumia kuwekea nyuzi. Mama aliomba kifuniko, akalaza karatasi juu yake, akasugua kwa kipande cha mkaa mpaka ua likatokea.

"Hilo ni ua la wafalme wa Ulaya, mama," mzee akamwambia.

"Basi leo limepata malkia," mama akajibu, akakunja karatasi yake.

Nilipokwenda sekondari huko Migori, nilikuta ua hilo hilo kwenye beji ya shule. Mama alipoiona sweta yangu alipiga yowe. Wameniibia! Alikuwa na hakika kuna mwalimu aliyewahi kukaa kwenye kochi letu akalikariri. Soko zima la Kosele likapata habari kwamba shule ya Migori inavaa ua lake bila ruhusa, na alilalamika kwa furaha kubwa hata hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Watu walikuja nyumbani kuona lilikoanzia.

Mwalimu wa historia alitueleza kwamba wengi huliita yungiyungi. Wafalme wa Ufaransa walilichora kwenye ngao zao, na hadithi ikasemwa kwamba malaika ndiye aliyelileta. Kanisa likampa Bikira Maria. Wengine wanasema umbo lake ni la ua la manjano linaloota kwenye vinamasi, na wengine kwamba si ua kamwe, ni ncha ya mkuki. Likizo nilimpelekea mama yote hayo. Akachukua Maria, akachukua kinamasi, mkuki akaukataa katakata. Nani atandike mkuki kwenye kochi?

Miaka ikapita. Macho yake yalipoanza kufifia, alianza kudarizi kitambaa cheupe cha kufunika jeneza lake mwenyewe, na alikizungumzia kama mtu anayeshona nguo ya Krismasi. Katikati aliweka ua moja kubwa. Mimi nilikuja kumtungia uzi kwenye sindano.

Juma hilo nilikuwa nimesoma jambo kwenye simu. Katika visiwa ambako Wafaransa walimiliki watumwa, mtumwa aliyetoroka akakamatwa alichomwa begani kwa chuma cha moto, na alama yenyewe ilikuwa ua hilo. Na mama, kama kawaida yake, akaniuliza, "Nyara, binti yangu, umesoma nini kipya kuhusu ua langu?"

Niliogopa. Hicho ndicho kitu alichokipenda maisha yake yote, na ndicho alichotaka kuzikwa nacho. Ningewezaje kumharibia sasa? Lakini mama yangu hakuwa mtu wa kudanganywa, hata akiwa haoni uso wako. Nikamwambia.

Aliweka kitambaa mapajani. Kuku aliingia sebuleni, hakuna aliyemfukuza. Nilidhani ataniambia nilete wembe tufumue.

"Walikuwa wanatoroka kwenda wapi?"

"Kwao, nadhani. Au popote pale, mradi si pale."

"Na walipofia huko, kwao walizika nini?"

Nilielewa alichouliza. Kwetu Wajaluo, mtu akipotea na mwili wake usionekane, jamaa huchuma yago, lile tunda refu zito, wakalilia na kulizika mahali pake, ili naye awe amerudi nyumbani. Mama alishuhudia kaka yake mwenyewe akizikwa hivyo, baada ya ziwa kukataa kumrudisha.

"Sijui, Mama. Labda kwao hawakujua hata kama wamekufa."

"Tunga uzi," akasema. "Kisha uniwekee kidole hapa, pembeni ya langu."

Hakufumua kitu. Alianza ua la pili, dogo, na lilipinda kwa sababu ya macho yake.

Mama ametutoka. Siku ya mazishi nilikitandaza kitambaa mwenyewe juu ya jeneza, nikakinyoosha pembe zote. Shangazi akaniinamia, akaninong'oneza: mbona maua mawili?

"Tunazika watu wawili," nikamwambia, nikamweleza kwa ufupi habari ya mtumwa asiyezikwa kwao.

Jeneza lilipokwisha kushushwa, shangazi akaokota konzi ya udongo, akaitupa kaburini, kisha akainama tena akaokota ya pili.