Kitambaa cha Kijani Dirishani

Bendera zote za siku ya uzinduzi wa reli alizishona yeye, fundi cherehani wa barabara ya sokoni. Na si bendera tu, hata maneno alichangia. Mama yake alipogoma kuachia uwanja wake ili reli ipite kati ya nyumba zao mbili, yeye ndiye aliyekaa naye jioni nzima akimbembeleza. Wafadhili wameleta hela, alimwambia, nchi jirani zitaungana, mizigo itapita mpakani bila usumbufu, na wateja watamiminika. Bibi wa watu akakubali shingo upande.

Reli ikaja, na uzio wake. Hapo ndipo fundi alipoanza kujuta. Zamani alikatiza uwanja na sufuria ya uji mkononi, ukafika bado unatoa mvuke. Sasa kivuko kiko kule nyuma ya stesheni, mwendo wa kutoa jasho, na uji unafika umeganda. Nchi zimeungana kweli, hatukatai. Mtu na mama yake ndio wanaopungiana mikono kama wafungwa.

Wakabuni njia yao. Kulikuwa na kipande cha kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye bendera, na mama akawa anakitundika dirishani kila akiamka. Fundi akikiona, roho inatulia, anakaa kwenye cherehani yake.

Asubuhi moja dirisha lilikuwa tupu. Alisogea kwenye uzio akaita, akaita tena kwa sauti iliyowatoa majirani ndani. Kimya. Treni ya makontena ikaingia katikati, ndefu isiyo na haya, ikapita taratibu ikielekea mpakani. Hakuisubiri iishe. Alikimbilia kivukoni miguu peku, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, akilaani. Alimlaani nani, mwenyewe hakujua: wafadhili, au ulimi wake.

Alimkuta mama sakafuni chini ya dirisha, mguu umekunjika vibaya, kitambaa mkononi. Alikuwa hai. Fundi alipiga magoti akilia, akasema ameita mpaka koo limemkauka, kwa nini hakuitika hata mara moja.

"Niliitika, mwanangu," mama alisema kwa sauti isiyoweza kuvuka hata chumba. "Kila uliponiita, niliitika."