Presha iliyoandikwa si ya mjamzito

"Presha imepanda, mama na mtoto wote wawili wako hatarini," muuguzi wa utafiti wa mimba salama amesema mchana huu kijijini Kamanga, baada ya kumpima Neema.

Neema ana mimba ya miezi minane. Watafiti walimpa mashine ya presha ajipime kila asubuhi na kuandika daftarini.

Daftari lake lilisema yuko salama.

"Neema, hizi namba ni za nani?" muuguzi akauliza.

"Za mama mkwe. Ni mkubwa, ndiye anayeanza kupimwa. Naandika, naenda kuchota maji."

(Kwenu anaanza nani?)

"Nilijua akirudi anajipima," mama mkwe akasema.

"Niliona nafasi ya siku hiyo imeshajaa daftarini, mama."

Sasa tuko nao kwenye kivuko, tunaenda hospitali. Mama mkwe amemfunga Neema mkanda wa mashine, mwenyewe hajajipima.

Kesho saa mbili asubuhi daktari ataamua kama mtoto azaliwe mapema.