Harufu ya Lami Kichwani

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu, nyumba yetu ya Dandora ilinuka lami na mwenye lami hakuwemo. Mwenye lami alikuwa babu yako Musyoka. Wakati huo alikuwa dereva wa lori kwenye kampuni ya barabara, na kila jioni alirudi na harufu hiyo kwenye kofia, kwenye viatu, hata kwenye mikono. Lakini juma hilo kazi ilikuwa imempeleka upande wa Embu. Mama yako Mumbua, akiwa mchanga bado, alikuwa amelala kitandani. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, akainua pua taratibu.

"Mwanangu hayupo," akasema, "na bado namnusa humu ndani."

Tutafika hapo tena, usiwe na haraka. Mchana wa hapa Njiru ni mrefu na leo sina pa kwenda. Nimekutazama tangu uje kwa likizo. Umevaa kofia ya sufu kwenye jua hili linalopasua mabati, na nikikuuliza unasema, "Niko poa, shosho, ni fasheni tu." Fasheni! Mimi ni mzee, si kipofu. Jana nilitandika kitanda chako nikaona unga mweupe kwenye mto. Nikauchukua kwa ncha ya kidole. Nilikaa pale kitandani kitambo, na miaka yote ile ikarudi kimya kimya ikakaa nami.

Kwangu ugonjwa huu ulianza baada ya kumzaa mama yako. Baka dogo nyuma ya sikio, likiwasha kidogo. Nikasema ni mba. Likapanda, likavuka utosi, likashuka mpaka kwenye kisogo, na juu yake magamba meupe yaliyoshikana kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Nikikuna, yanadondoka mabegani. Nikizidi kukuna, damu. Nilifunga kitambaa, na juu ya kitambaa nikafunga kingine.

Dandora ya siku zile ilikuwa changa, mwanangu. Watu walikuwa wamepewa viwanja vyenye choo na mfereji wa bomba tu, kila mtu anajijengea chumba kimoja kimoja kadiri anavyopata. Mchana kutwa ulisikia nyundo zikigonga mabati, moja karibu, nyingine mbali, mpaka ukasinzia nazo. Na kila Jumamosi alasiri wanawake wa ploti yetu walikaa karibu na mfereji kusukana. Mmoja anakaa kwenye kigoda, mwingine anakaa chini katikati ya magoti yake, na mikono inafanya kazi huku midomo inasema yote. Hukuwa jirani wa mtu mpaka umsuke na yeye akusuke.

Mimi nilikataa. Njeri, aliyekuwa chumba cha mkabala, aliniita mara ya kwanza, ya pili, halafu akachoka. "Wee Mama Mumbua, kwani mikono yetu ina miiba?" aliuliza. Nikasema nina kazi. Nikasikia wakisema nyuma yangu, "Huyo anajiskia, anajiona bora." Nikaingia ndani nikafunga mlango, nikawa nasikiliza vicheko vyao kupitia mabati. Hakuna kitu nilichotaka duniani kuliko kukaa pale chini na kichwa changu kwenye magoti ya mtu.

Nilidhani ni mashilingi, ule ugonjwa wa mabaka ya mviringo unaotoka kichwa kimoja kuingia kingine. Tangu utoto tuliambiwa mwenye mashilingi asikaribie wembe wa wenzake wala kitana chao. Basi nikajitibu kama mwenye mashilingi. Nilisugua kwa gunzi la mahindi mpaka ngozi ikalia, nikapaka mafuta ya taa. Mwanangu, usiombe. Niliuma kanga kwa meno ili nisimwamshe mtoto.

Mwishowe nikaenda kliniki. Foleni ilikuwa imezunguka jengo, na daktari alikuwa kijana aliyechoka tangu asubuhi. Alinitazama kichwa, akataja jina geni, soriasisi, akasema ugonjwa utakuwa ukienda na kurudi, akanipa kopo la dawa nyeusi nzito ya kupaka. Nilipofungua kopo nikanusa barabara mpya. Dawa ilitengenezwa kwa lami! Nikatoka na kopo langu bila kumuuliza hata swali moja.

Hapo ndipo harufu ya babu yako iliponiokoa, au nilidhani imeniokoa. Nilipaka dawa, nikafunga vitambaa vyangu, na Musyoka akirudi jioni anainama kunisalimia, anashtuka. "Pole, mama. Nimekuletea lami mpaka kwenye nywele." Anakwenda kuoga tena, maskini, anajisugua kwa sabuni ya mche na jiwe. Nami nikamwacha ajisugue. Nilicheka peke yangu mara nyingine, halafu kicheko kikageuka kilio.

Lakini mtoto, mwanangu. Mtoto ndiye aliyeniumiza. Mama yako alikuwa amefika umri ule ambao mtoto anashika kila kilicho mbele yake, na alichokitaka zaidi ni kichwa changu. Akinyoosha mkono naurudisha. Nilimnyonyesha nikiwa nimegeuza shingo kuelekea ukutani. Nilimlaza mwisho wa kitanda, kwenye mto wake mwenyewe. Ngozi yake ilikuwa laini, imekamilika, na niliapa haitaguswa na yangu. Kulikuwa na mchana mmoja nilipotazama jua likiingia kupitia tundu la msumari kwenye bati na kutua kwenye shavu lake, nikalionea wivu jua.

Ndipo akaja mama mkwe. Nilimwita Mwaitu, kama Wakamba wanavyomwita mama, ijapokuwa mimi ni msichana wa Murang'a na watu wangu walikuwa wamenionya kuhusu ndoa hiyo. Alitoka Machakos na gunia la ndengu, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Alikaa kwenye kigoda chake akatazama. Alitazama siku nzima, na iliyofuata, na nyingine. Kisha Alhamisi, tukiwa tunachambua ndengu, akasema bila kuinua uso:

"Jumapili nitakwenda na Mumbua. Atakaa nami mpaka utakapompenda."

Moyo ulinipasuka. Na bado niliendelea kuchambua ndengu. Unajua kwa nini? Kwa sababu kitu kimoja ndani yangu kilisema, mwache aende. Kule Machakos atakuwa salama, mbali na kichwa changu.

Kwa hiyo siku ile niliyokuambia, Ijumaa, nilikuwa nakunja nguo za mtoto nikizifunga kwenye leso. Nilikuwa nimejipaka dawa asubuhi. Mwaitu akainua pua, akasema anamnusa mwanawe, kisha akainuka. Akanusa koti la mwanawe lililotundikwa ukutani, akatikisa kichwa. Akapita kitandani. Akaja akasimama nyuma yangu, nikasikia akivuta pumzi juu ya kitambaa changu.

"Ni wewe," akasema. "Vua."

Nilivua cha kwanza. Nikavua cha pili. Nje mfereji ulikuwa unadondosha matone kwenye karai, na redio ya Njeri ilikuwa inaimba wimbo ambao mpaka leo nikiusikia natulia. Nilifunga macho nikingoja amnyakue mtoto na kutoka naye. Nilingoja sana.

"Kinauma?" akauliza.

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo, mwanangu, hata mimi mwenyewe. Nililia mpaka mtoto akaamka. Nikamwambia yote: gunzi, mafuta ya taa, kopo la lami, mkono wa mtoto niliokuwa naurudisha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na daktari alisema unaambukiza?"

"Sikumuuliza."

"Kwa nini hukumuuliza?"

"Niliogopa atakachosema, Mwaitu."

Hapo ndipo alipokasirika. Hakupaza sauti, lakini uso wake ulibadilika nikatamani ardhi inimeze. "Umemnyima mtoto shavu lako miezi yote hii kwa jibu ambalo hujapewa? Umejishtaki, umejihukumu, umejifunga, na mtoto ukamfunga pamoja nawe. Mimi nilidhani nimempata mkamwana asiye na moyo. Kumbe moyo unao, ila umeufunga vitambaa viwili."

Jumapili hakuondoka. Jumatatu tulikuwa kliniki, yeye mbele, mtoto mgongoni mwake. Daktari alikuwa yule yule. Mwaitu hakusubiri aambiwe aketi. Kwa Kiswahili chake cha Machakos akamwambia, "Daktari, huyu akiweka kichwa hapa," akajipiga shingo, "na mtoto awe hapa, mtoto atashika ugonjwa?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Hapana, mama. Hauambukizi. Hata wakitumia kitana kimoja, hata wakilala mto mmoja." Akanitazama mimi. "Hukujua?"

Nikatikisa kichwa. Nadhani alisikitika, kwa sababu alisahau foleni yake akatueleza vizuri. Akasema ngozi yangu inaota kwa haraka kuliko inavyopaswa, ndiyo maana inarundikana. Haina dawa ya kuiponya kabisa, lakini inatulizwa, na inaweza kulala muda mrefu. Gunzi na mafuta ya taa vinaichokoza. Akasema pia ugonjwa unaweza kufuata ukoo, ukamruka mmoja ukampata mwingine, lakini hiyo ni damu, si kugusana.

Tulipotoka, Mwaitu aliketi kwenye benchi la ukumbini, akafungua leso, akampakata mtoto. Kisha mbele ya wagonjwa wote akanivua kitambaa na kunisukuma shingo niiname. Mama yako alinitazama kwanza. Halafu akanishika kichwa kwa mikono miwili, akang'ang'ania, akaweka kinywa chake chenye mate kwenye paji la uso wangu. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Nakumbuka mwanga tu, na lile joto la mate.

Jumamosi iliyofuata Mwaitu alibeba kigoda chake mpaka kwenye mfereji, akaniketisha chini katikati ya magoti yake. Wanawake wakaacha kusuka. Alipasha mafuta ya nazi mpaka yakawa vuguvugu, akayamimina polepole, akaacha yaingie. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa jembe lakini vilikwenda kichwani kama vinatafuta kitu visichotaka kukivunja. Nilisinzia. Katikati ya usingizi nikasikia sauti ya Njeri karibu sana: "Kumbe ndiyo hii? Na sisi tukasema unajiskia! Si ungetuambia, Mama Mumbua?" Akachukua kitana kutoka mkononi mwa Mwaitu.

Mwanamke mmoja alisogeza kigoda chake mbali, na hakukirudisha mpaka tulipohama. Nakuambia hilo ili usidhani wote watakuwa wema. Babu yako naye aliporudi na kuambiwa, alinusa kichwa changu, kisha akapiga kelele ploti nzima ikasikia: "Kumbe si mimi! Ngozi imeniisha kwa kujisugua!" Na Mwaitu alipokwenda Machakos, alikwenda peke yake. Nguo za mtoto nilizirudisha sandukuni.

Basi sikiliza, mwanangu. Nenda kwa daktari wa ngozi, na ukifika uulize swali lile lile unaloliogopa. Siku hizi dawa ni nyingi kuliko lile kopo langu. Usikubali kila mwenye chupa akupake dawa yake. Magamba yalainishe kwa mafuta, uyaache yaachie yenyewe, usiyabandue kwa kucha. Ukisukwa, omba mistari minene isiyovutwa. Mawazo nayo huamsha huo ugonjwa, kwa hiyo lala, na ukiwa na neno zito litoe, usilale nalo. Ugonjwa utarudi siku moja wewe ukidhani umeshakwisha. Usitishike. Wangu umerudi mara nyingi na mimi bado nipo. Zaidi ya yote, usimwamulie mtu ukasema, "Atanikimbia". Mpe nafasi ya kukuuliza kama kinauma.

Mama yako ugonjwa ulimruka. Ukakuchagua wewe, na hilo linaniuma, kwa sababu njia uliyopitia ni mimi. Lakini kwa njia hiyo hiyo nitakupa na kilichonituliza. Mafuta yako jikoni, yanapata moto. Kigoda cha Mwaitu ni hiki nilichokalia.

Mungu akupe ngozi tulivu na usingizi mtulivu. Akupe rafiki atakayechukua kitana bila kuombwa. Akupe mtoto siku moja, na akikutafuta kichwa, usikirudishe nyuma. Sasa vua kofia, mwanangu, njoo ukae hapa chini. Kinauma?