Amplifaya ya Kusalimiwa Kwanza

Kuna mbuzi wa soko la Kajiado ambao mpaka leo siwezi kuwaangalia machoni, na si mbuzi peke yao, kuna pia mama mmoja anauza shanga hapo kando ambaye akiniona anashika tumbo kwa kicheko kabla hata sijamsalimia. Nilijiaibisha. Watu wa kwaya wananiambia "ah, ilikuwa kidogo tu," lakini mimi nilikuwa pale, nimekaa kwa kiti, mtoto mgongoni, gitaa kwa magoti, mdomo wazi, na haikuwa kidogo.

Hasira yenyewe ilianzia Kitengela. Mimi ndio napiga gitaa kwa kwaya yetu, na sikupewa gitaa kwa huruma, nilifundishwa na baba yangu huko Magharibi nikiwa mdogo, tukikaa kwa stuli moja, yeye anapiga kwa vidole viwili na mimi nashika chupa ya soda nikigonga. Sasa amplifaya ya kanisa ilikuwa imekufa (ilikuwa inatoa sauti kama mtu anakaanga mandazi), kamati ikasema inunuliwe nyingine, na mimi nikasema, kwa heshima kabisa, kwamba anayepiga ndiye achague. Mwenyekiti wa kwaya ni Baba Njoki, ako na duka la simiti na mabati pale barabarani, mzee safi, mkarimu, na akiamua kitu ni kama slabu imeshamwagwa. Akaniangalia, akaangalia mtoto, akasema mbele ya watu wote, "Mama Imani, hizi ni mambo ya mashine. Kevo ndiye anajua mashine."

Kevo ni mtoto wa dada yake. Kevo anajua kamba tatu za gitaa na zote anazishika vibaya.

Nilichemka. Nikasema, "Baba, nipe nafasi moja. Nikichagua takataka, gitaa mpe Kevo, mimi nirudi sauti ya kwanza na akina mama." Nilitoa hiyo ahadi kwa hasira, na mzee wa simiti akaipokea haraka kuliko vile nilitarajia. "Sawa. Utachagua, nitakuja kusikia kwa masikio yangu."

Basi ndivyo nilijipata Kajiado siku ya soko la mifugo, kwa fundi anaitwa Lemayian, ambaye karakana yake imepakana na ua wa mbuzi. Huyu fundi ni mtu wa kuandikwa. Anatengeneza amplifaya za zamani kwa mkono, zile za taa za kioo ndani, si hizi nyeusi za plastiki zinazojaa kila duka. Sanduku analipiga mwenyewe, mbao zinashikana kwa kona kama vidole vya mikono miwili ukisali, hakuna msumari hata mmoja, halafu analivalisha kitambaa kigumu cha rangi ya nyasi kavu chenye mistari ya mshazari, kama yale masanduku ya nguo ya babu zetu, na juu anapaka vanishi mpaka ukipitisha mkono unataka kulibeba kama mtoto. Alinifungulia nyuma nione. Jamani. Nyaya zimepangwa moja moja, zimenyooka, zimepinda pale tu zinapotakiwa, hata mama mkwe wangu hajawahi kupanga kabati hivyo. Nikauliza nani alimfundisha, akasema alianza kwa kufungua redio za babake, akachapwa, akafungua tena.

Alikuwa na tatu. Alizitoa zote kwa veranda inayotazama soko, akasema ndani ya nyumba kila sauti ni tamu, nje ndio utajua ukweli. Ile ndogo nikaipenda kwa roho lakini kwaya ikipiga makofi itamezwa. Ile kubwa ya spika mbili ni fahali, ukiigusa tu inakukimbiza, na kanisa letu ni la mabati, ingetutoa masikio. Zote mbili zilikuwa zimewashwa kabla sijafika, kwa hivyo nilichomeka gitaa na sauti ikatoka papo hapo (kumbuka hiyo, ndiyo iliniua). Ikabaki ya katikati, aliyoimaliza jana yake, ya spika moja pana, yenye pande mbili za kuchomeka, upande wa gitaa na upande wa maiki, kwa sababu, aliniambia, watu wa zamani walikuwa wanaimba na kupiga kupitia sanduku moja. Nikamwambia mimi pia huwa naimba nikipiga. Akafurahi, akaniwekea maiki kwa stendi, mbele ya mdomo wangu kabisa.

Halafu akasema, "Hii bado ni baridi. Nikirudi na chai tutaiwasha pamoja. Hii mashine, yeyo (ndivyo Wamaasai humwita mama), ni kama sisi hapa. Huwezi kufika kwa boma ya mtu ukianza na shida zako. Unasalimia, unauliza ng'ombe, unauliza watoto, ndio unasema kimekuleta. Usiiharakishe."

Nikasema ndio ndio, akaenda kutafuta chai.

Sasa mimi ningekaa tu. Mtoto alikuwa amelala. Upepo ulikuwa mzuri. Lakini Baba Njoki alikuwa amenitumia ujumbe "niko Kisaju," hapo njiani kuja Kajiado, na nyinyi mnajua, mtu wetu akikwambia yuko Kisaju jua bado anatafuta soksi Kitengela, kwa hivyo nikahesabu niko na saa nzima, na nikataka akifika anipate tayari nimeijua hiyo mashine, naipiga kama mwenyewe, aone aibu. Nikaiwasha. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Nikapiga kamba. Kimya.

Nikaongeza sauti. Kimya. Nikazungusha kila kitu cha kuzungusha, na hizo zinaenda mpaka kumi na mbili, nikazifikisha zote kumi na mbili. Kimya. Nikasema kwa maiki, "Halo? Halo?" Kimya kama kamati ikiulizwa nani atafagia kanisa.

Nikajua nimeiharibu. Kitu cha mkono wa mtu, kilichomalizwa jana, na mimi nimekiua hata chai haijafika. Imani naye akaamka, akaanza kulia, na mimi hasira zangu huwa zinatafuta mlango wa karibu, basi nikageuza shingo nusu nikamwambia mtoto wangu, mdomo bado uko pale kwa maiki:

"Nyamaza mama, nyamaza. Ni huyu mwenyekiti ametuletea haya. Ati mwanamke hajui mashine! Na yeye anajua nini? Yule mzee akianza kuimba hata Mungu anafunga dirisha! Hatuimbi na yeye, tunamvumilia, ni vile tu alitupatia simiti ya kanisa!"

Zile taa za kioo huwa hazitoki usingizini mara moja. Nafikiri "nyamaza mama" hakuna aliyesikia. Lakini kufika "Mungu anafunga dirisha" zilikuwa zimepata moto, na "simiti ya kanisa" ilitoka kwa ile spika pana, namba kumi na mbili, safi, kila herufi na nafasi yake, ikapita juu ya ua wa mbuzi, ikafika kwa ng'ombe, ikagonga ukuta wa huko mbali, ikarudi. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikinirudia "kanisaaa." Na maiki ikisikia spika, na spika ikisikia maiki, ikaanza ule mlio, mnaujua, wa kutoboa ubongo, na Imani akaongezea wake, naye pia akapitia kwa maiki.

Mbuzi waliamua kwamba mwisho wa dunia umefika. Waliruka ua wote kwa pamoja, na wanaume wenye shuka na fimbo wakawa wanakimbia huku na huku, mmoja akipita chini ya veranda akanipigia kelele, "Yeyo, zima hiyo kitu!" na mimi sikumbuki hata swichi iko wapi. Lemayian ndiye alitokea mbio, chupa ya chai kwa mkono mmoja, akaizima kwa kidole kimoja.

Soko lote likawa linaniangalia. Yule mama wa shanga akauliza kwa sauti, bila haya, "Na huyo mzee wa simiti ni nani?"

Na katikati ya lile vumbi, mtu mmoja aliyekuwa ameshika kamba ya kondoo dume, kofia yake imeanguka, akajibu, "Ni mimi."

Kumbe kuna mtu mmoja katika Kenya hii ambaye akisema yuko Kisaju, yuko Kisaju. Na huo ujumbe aliutuma tangu asubuhi. Alikuwa amefika kitambo, akaona heri anunue kondoo kwanza.

Alikuja polepole. Alifunga kondoo kwa nguzo ya veranda, akapangusa kofia, akakaa kwa benchi mbele yangu. Nikasema, "Baba Njoki..."

"Nimekuja kusikia amplifaya," akasema. "Piga."

Lemayian akarudisha chini zile nobu nilizozungusha, akaiwasha, na tukangoja. Huo muda wa kungoja ulikuwa mrefu kuliko uchungu wa kuzaa, na nimezaa, najua. Halafu nikapiga, kwa sababu sikujua kufanya kitu kingine, nikapiga ule wimbo wetu wa kutoa sadaka kwa vidole viwili kama baba yangu. Na wacha niwaambie ukweli, aibu na zote, sijawahi kusikia gitaa langu vile. Nikigusa pole, sauti ilikuwa laini na ya mviringo kama maji ya mtungi. Nikigonga kwa nguvu ilikwaruza kidogo, kama koo ya mtu aliyelia halafu akaimba. Ilikuwa inafuata mkono wangu, hasira ikiingia kwa vidole inatoka hasira, majuto yakiingia yanatoka majuto, na siku hiyo vyote viwili vilikuwa vingi. Wale wanaume wenye fimbo waliacha kutafuta mbuzi. Mmoja akaegemea fimbo, akafunga macho.

Nilipomaliza, Baba Njoki aliinuka. "Ni hii. Umechagua vizuri," akaniambia, kisha akamwambia Lemayian aifunge. Halafu akanigeukia. "Lakini Jumamosi, mazoezini, utasimama mbele ya kwaya umalize haya mambo. Mpaka hapo gitaa hutashika."

Siku hizo sikulala. Bwanangu alicheka mpaka nikamnyima chapati.

Jumamosi nikasimama. Kwaya yote iko pale, na Kevo amekaa karibu na amplifaya yangu, gitaa kwa mapaja, amevaa miwani ya jua ndani ya kanisa. Nikasema, "Baba Njoki, nilikudharau mbele ya watu ambao hata hukuwajua. Nimekosa. Nisamehe."

"Nimekusamehe," akasema. Nikaanza kukaa. "Ngoja, Mama Imani. Sasa niambie hapa ndani, kwa familia. Naimba vibaya?"

Mnaona hiyo? Akina mama wa sauti ya pili wote walifungua vitabu vya nyimbo. Mwalimu wa kwaya akaona kitu kwa kiatu chake. Nikisema hapana, gitaa ni langu, na kila mtu anarudi nyumbani salama. Nikisema ndio, Kevo yuko pale, tayari anageuza nobu. Niliangalia ile amplifaya na kitambaa chake cha rangi ya nyasi, roho ikaniuma kama naacha mtoto kwa mlango wa mtu.

Nikasema, "Ndio, baba. Mstari wa pili unashuka. Wa tatu unatushusha na sisi."

Baba Njoki akamgeukia mwalimu wa kwaya. "Ni kweli?"

"Kidogo tu, mwenyekiti."

"Tangu lini?"

Mwalimu akarudi kwa kiatu chake. "Tangu tujenge kanisa."

Kevo akacheka. Alicheka peke yake, na mzee akamwangalia mpaka kile kicheko kikakosa pa kwenda. "Wewe cheka," akamwambia. "Huyu mama amenitukana mbele ya mbuzi, leo ameniambia ukweli na anajua kitakachompata. Wewe unakula kwangu kila siku, unanisikia nikiimba, na hujawahi kufungua mdomo. Mpe gitaa lake."

Akavuta kiti, akakiweka kando ya amplifaya, akavua kofia. "Nipigie sauti yangu pole pole. Mpaka niishike."

Nikapiga kamba moja. Akaitafuta, akaikosa. Nikapiga tena. Akaikosa tena, mzee mzima mwenye lori tatu, jasho kwa paji la uso, hakuona haya ya kukosa mbele ya watu aliowaongoza miaka yote hiyo. Mimi nilikuwa na hasira na yeye wiki nzima, na bado niko nayo kidogo kwa yale ya mwanamke na mashine (hiyo bado hajaomba msamaha, nangojea), lakini pale nilimvulia kofia ambayo sina.

Kwa hivyo nimeapa. Neno ambalo siwezi kumwambia mwenyewe usoni, sitalisema tena hata kwa mtoto mgongoni, hata kwa kitu kilichozimwa, hasa kwa kitu kinachoonekana kimezimwa. Na kila Jumapili, tukikaribia mstari wa pili, Baba Njoki ananigeukia kabla hajashuka, na mimi navuta ile kamba yake kwa nguvu zote.