Pini Midomoni mwa Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mtaani wanamwita Hakimu. Jina hilo hakupewa kwa heshima. Ukimpelekea ugomvi wako, hujafika hata katikati ameshakuhukumu, na rufaa hakuna. Ndivyo alivyowahukumu hata binti zake wawili walipogombea cherehani ya marehemu baba yao: akampa mkubwa, mdogo akiwa bado anaongea. Mdogo akaondoka, na kwa miaka miwili hakukanyaga pale.

Kwa hiyo alipotuambia amejiandikisha mafunzo ya usuluhishi, tulicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka.

"Nataka wanangu wakae meza moja," alisema. "Na mimi sijui kuwakalisha."

Mwalimu wao alikuwa na sheria moja kuu: msuluhishi hahukumu. Anasikiliza, kisha anarudia alichosikia, basi. Katika zoezi la kwanza wanafunzi wawili waliigiza majirani wanaogombania uzio. Shangazi alivumilia dakika tatu nzima.

"We mwongo," akamwambia mmoja. "Macho yako tu yanakuumbua."

Zoezi la pili alivumilia nne; aliporudi nyumbani kutusimulia, tukampongeza.

Dawa aliipata kazini. Akikunja pindo la gauni hubana pini midomoni, na mwenye pini midomoni haropoki. Mtihani wa mwisho akaufanya na pini tatu, akizitoa pale tu alipotakiwa kurudia alichosikia. Mwalimu alimtazama sana, lakini akampasisha.

Jumapili iliyofuata akawaita mabinti. Mwalimu alikuwa amemwonya kwamba mganga hajigangi. Aliitikia vizuri tu, kisha akafanya lake. Mimi nilijipa kazi ya kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi, mlango wa jikoni ukiwa wazi.

Mkubwa akaongea, mdogo akaongea. Shangazi kimya, pini midomoni.

"Mimi sina ugomvi na dada," mdogo akasema mwishowe. "Hata cherehani siitaki. Ni wewe, mama. Hukunisikiliza."

Nikajua hukumu inakuja. Shangazi alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake. Ya mwisho aliichomeka mara mbili ndipo ikashika, na mimi nikamwonea huruma kwa mara ya kwanza maishani.

"Umesema," alianza polepole, "kwamba sikukusikiliza."

"Ndiyo."

"Haya, mwanangu. Siku ile uliishia wapi? Endelea."